Baiskeli ya Kuvuka Masika

Jumatatu, Machi 3

Nimepewa onyo la pili. Matroni alilisoma kwa sauti ya upole, akaniuliza kama nina la kusema. Nilikuwa nalo, lakini lilikuwa tusi, nikalimeza. Kazi yangu ni kuwahudumia wazee katika nyumba moja ya kutunzia wakongwe huko Kitisuru, na wazee hawangoji foleni ya magari ifunguke. Wengine hawawezi kushika kikombe wenyewe, kwa hiyo nikichelewa, uji unapoa mbele yao wakiutazama. Sasa kama nachelewa hivi barabara zikiwa kavu, masika yakianza itakuwaje? Onyo la tatu ni kufunga virago.

Debra, ninayefanya naye zamu, akasema, "Si ununue tu baiskeli, Kamene?" Kisha akajiziba mdomo kwa kiganja.

Nikamwambia atoe mkono, sijavunjika. Lakini njia nzima ya kurudi Riruta neno hilo halikuniacha. Kwetu halitajwi tangu Aprili mwaka jana, kaka yangu Nthiwa alipoingia chini ya lori kwenye mteremko wa kushukia Kitisuru, mvua ikinyesha, akienda kukata nyasi za watu.

Jumatano, Machi 5

Nimemwambia Mama. Nilichagua saa ya chai ya asubuhi kwa sababu wakati huo mikono yake ina kazi. Humimina vikombe vitatu: chake, changu na cha Nthiwa. Hicho cha tatu hukiacha kipoe, halafu anakinywa mwenyewe akisema anamsaidia asichelewe.

"Mwaitu," nikamwita kwa Kikamba, kama tunavyomwita tukitaka kitu, "nataka baiskeli ya kwenda kazini."

Chai haikumwagika. Akajaza kikombe cha tatu mpaka juu.

"Usinunue kwa yule muuaji," akasema. Basi, hayo tu.

Muuaji ni Jamleck, fundi wa baiskeli mwenye kibanda pale kona ya kuingilia sokoni. Yeye ndiye aliyemuuzia Nthiwa ile baiskeli, na muda mfupi kabla ya ajali alikuwa amemfungia breki mpya. Hazikushika. Mlinzi wa lango la jirani aliwaambia polisi kwamba alimwona Nthiwa amezifinya zote mbili na baiskeli inateremka tu. Mama amelieleza jambo hilo kanisani, sokoni na kwenye foleni ya maji, na watu wakahamisha baiskeli zao kwa mafundi wengine. Mimi mwenyewe nilitema mate mbele ya kibanda chake wiki ya mazishi. Sijutii.

Jumamosi, Machi 8

Nimeshinda mjini nikitazama baiskeli. Kijana wa duka moja kule chini, karibu na maduka ya vipuri, anaitwa Dalmas na mdomo wake haupumziki.

"Sasa madam. Unataka ya mtoto ama ya mazoezi?"

"Ya kazi. Riruta mpaka Kitisuru kila siku, jua na mvua."

"Hapo umefika. Cheki hii, unaibeba na kidole."

Nikaibeba kwa kidole kweli. Tairi zake zilikuwa nyembamba mno. Nikamuuliza madigadi ziko wapi.

"Madigadi ni za wazee, madam."

"Matope ya Riruta hayaulizi umri."

Akacheka, akaniletea nyingine, kisha nyingine. Kuhusu gia sikumuuliza sana. Nilimuuliza breki, nikarudia, nikafinya za kila baiskeli dukani mpaka kastoma mwingine akaanza kunitazama. Dalmas akaniambia, "Madam, wewe unanunua breki, baiskeli tutakupatia kama zawadi." Nikaondoka mikono mitupu.

Jumatatu, Machi 10

Debra ameniazima baiskeli ya mumewe, ambaye kazi imempeleka Nakuru. Amesema niijaribu kwanza nione kama mapafu yangu yanaiweza Kitisuru, ndipo ninunue yangu. Ina tairi nene na breki za kawaida zenye raba zinazobana rimu. Nimeiingiza uani kimyakimya. Mama aliiona, akaingia ndani, akafunga mlango wa jikoni.

Jumanne, Machi 11

Nimefika kazini mapema kabla hata ya Matroni.

Lakini lazima niandike la mteremko. Alfajiri ile barabara ya Kitisuru ina miti pande zote mbili na giza hukawia kutoka. Nilishuka polepole, breki zimeshika vizuri. Nilipofika pale penyewe, nikasikia kengele nyuma yangu. Kengele ya Nthiwa ilikuwa na ufa, haikulia kama za wengine, ilikwaruza. Nikapisha. Nikangoja apite. Hakupita mtu.

Sipendi mambo haya. Mimi ni mtu wa kuosha wazee na kubadilisha shuka, sina nafasi ya mizimu.

Nilipoingia, Mzee Ephantus alikuwa kwenye kiti chake dirishani, panapoonekana lango. Alikuwa mkulima wa kahawa Kiambu, na siku hizi akili yake huenda na kurudi. Sote humwita Guka, yaani babu kwa Kikuyu.

"Leo mmekuja wawili," akasema.

"Nimekuja peke yangu, Guka."

"Na yule mwenzako mbona anasimama nje? Mwambie aingie anywe uji."

Jumatano, Machi 12

Mzee amesema tena.

Alhamisi, Machi 13

Na leo tena. Nimemhamishia kiti upande wa bustani. Amegoma kula hadi nikakirudisha.

Jumamosi, Machi 15

Leo nimelia, lakini kwa furaha. Nilitoka asubuhi nikamkuta Mama amechutama uani kando ya baiskeli, na kitambaa mkononi na kopo lake la mafuta ya kujipaka, yale mazito. Alikuwa anaipangusa kila mahali, fremu, hendeli, madigadi, spoki moja moja, rimu kuzunguka. Mwaka mzima alikuwa akivuka barabara ili asipite karibu na baiskeli.

"Hii ni ya mwenyewe, Mwaitu. Nitairudisha."

"Ndiyo sababu. Kitu cha mtu hurudishwa kizuri. Na wewe, mtu hatoki nyumbani akiwa amepauka."

Ndivyo alivyokuwa akituambia Jumapili kabla ya kanisa, mimi na Nthiwa, akitushika kidevu na kutupaka mpaka tunang'aa. Magoti yakiwa makavu, majirani wangesema watoto hawa hawana mama. Baba yake Mama kule Kitui alikuwa katekista mwenye baiskeli, na kila Jumamosi ilikuwa kazi ya Mama kuipaka isishike kutu. Haikuwa na breki; katekista aliisimamisha kwa kukanyaga vumbi. Ya Nthiwa pia Mama ndiye aliyeipaka. Nikajiambia, ikiwa ameweza kugusa hii, huenda kikombe cha tatu nacho kitapumzika.

Jumanne, Machi 18

Mvua imeanza, ya kweli. Viatu viwili vya akiba vimelowa.

Ijumaa, Machi 21

Baiskeli inang'aa kuliko ya dukani. Breki zinachelewa kidogo kushika. Ni maji.

Jumatatu, Machi 24

Breki zateleza. Kengele nimeisikia. Mzee Ephantus amesema mwenzangu amelowa.

Jumatano, Machi 26

Nina mkono mmoja wa kuandikia, na bahati ni wa kulia.

Asubuhi mvua ilikuwa ya kumwagwa. Kutoka Riruta hadi juu ya mteremko barabara haina makuu, unasimama hata kwa mguu. Nilipoanza kushuka nikafinya breki, baiskeli ikaendelea. Nikafinya kwa nguvu zote mpaka vyuma vikagusa hendeli. Ikazidi kukimbia. Raba zilikuwa zimebana rimu, niliziona zimebana, na gurudumu likapita katikati yake bila kujali. Mbele kulikuwa na gari la taka limesimama. Nyuma yangu kengele ikaanza, karibu kabisa, sikioni.

Sijui nilifikiri nini. Nilikunja hendeli kushoto nikaingia kwenye ua la kayaba la watu wenye mali, na miiba ikanipokea. Mlinzi mmoja alinitoa akiwa ananiombea na kunigombeza kwa pamoja. "Dada, hii mlima si ya kukimbiza! Mwaka jana hapa kijana aliisha."

"Najua," nikamwambia.

Akaenda kuniletea maji. Mimi nikabaki nimekaa kwenye nyasi na baiskeli miguuni, mvua ikinipiga, nikaligusa rimu kwa kidole ili nijue raba zimeisha au la. Kidole kiliteleza. Maji yalikuwa juu ya rimu kwa matone matone, yamekataa kukaa. Nikakisugua kidole kwa dole gumba, nikakinusa.

Ilikuwa harufu ya Mama. Ilikuwa harufu ya Jumapili, ya kiganja chake kwenye shavu langu.

Mlinzi aliporudi na maji alidhani nalia maumivu. Nilimwacha adhani hivyo. Nilikuwa nakumbuka Pasaka ya mwaka jana. Nthiwa alipumzika sikukuu yote, baiskeli ikasimama uani, na Mama akaipaka. Jumatano akarudi kazini, na siku hiyo ndipo mvua ilipoanguka.

Nimefika kazini nimechelewa, na Matroni alipoona damu hakusema neno la onyo. Nikaenda bombani nyuma ya jikoni, nikasugua rimu zote kwa mchanga na sabuni ya unga mpaka zikakwaruza. Nyumbani nimemwambia Mama nilikanyaga shimo.

Amenifunga kidonda vizuri. Halafu akatoka uani kuangalia kama baiskeli imeumia.

Alhamisi, Machi 27

Ameipaka. Nimeamka nikaikuta inang'aa.

Nimefikiria maneno ya kumwambia na kila moja lina mlango nyuma yake. Nikisema usipake rimu, atauliza kwa nini. Nikisema zinateleza, mama yangu si mjinga, atafika kwa Nthiwa kabla sijamaliza sentensi. Nikiificha baiskeli kwa jirani, atauliza amekosa nini. Kwa hiyo nimesema asante, Mwaitu, nimeisukuma hadi kwa Kalekye anayeuza maji kwenye kona, nikasugua rimu kwa mchanga mferejini.

"Kwani unaosha sufuria?" Kalekye akauliza. Yule maswali hayamwishi.

Jumamosi, Machi 29

Anapaka, natoa.

Jumatatu, Machi 31

Anapaka, natoa. Nikimtazama amechutama pale na kitambaa, anaimba wimbo wa kwaya kwa pua, natamani kumkumbatia na natamani kulitupa kopo lile chooni. Vyote viwili kwa wakati mmoja. Sikujua moyo unaweza.

Jumanne, Aprili 1

Nimekwenda kwa Jamleck. Nilizunguka soko ili nisionekane. Alikuwa anaziba pancha, hana kastoma hata mmoja. Zamani hapo palikuwa na foleni.

"Umekuja kutema mate tena?" akauliza bila kuinua kichwa.

"Nimekuja kuuliza, Baba Shiko," nikamwita kwa jina la mtoto wake. " Ile baiskeli ya Nthiwa ilirudishwa kwako. Rimu zilikuwa na nini?"

"Maji. Matope."

"Na mafuta?"

Aliweka tyubu chini. Nikamwonyesha kiganja changu kilichochanika.

"Polisi waliniita niitoe pale kituoni, mama yako alikuwa amekataa kuiona," akasema. "Nikaona hiyo mafuta. Hakuna fundi anaweza paka rimu mafuta, na Nthiwa hakuwa mjinga. Nikajua ni mkono ya nani. Nikachukua kitambaa nikapangusa yote, ndio mtu mwingine asione."

"Ukanyamaza mwaka mzima ukiitwa muuaji?"

"Sasa ningesema nini? Kamene, kastoma hupotea halafu anarudi. Mama yako akijua hiyo kitu, atarudi kutoka wapi?"

Niliomba msamaha. Nililia vibaya, kwa kamasi, nikiwa nimeshika mlango wa kibanda ambacho nilitema mate mbele yake. Yeye akarudi kwa tyubu yake. Nilikuja nikimchukia kidogo bado, nikitumaini labda alikosea hata skrubu moja. Nimeondoka nikiona haya hata ya kumtazama mkewe anayeuza mboga pembeni.

"Wacha hayo," akasema. "Na usimwambie. Sema tu, unataka baiskeli aina gani?"

"Ambayo Mama anaweza kuipaka mafuta popote anapotaka, na bado isimame."

Akakuna ndevu. Hakuniambia haiwezekani.

Jumamosi, Aprili 5

Nimerudi mjini kwa Dalmas kabla ya kumsumbua mzee wa watu.

"Madam wa breki! Nimekuwekea kitu." Akanionyesha baiskeli yenye diski, sahani ndogo ya chuma katikati ya gurudumu, na breki inabana sahani badala ya rimu. "Hii hata mvua ya gharika haiisumbui."

Ilikuwa nzuri. Ilikuwa na madigadi, na alikuwa tayari kuifungia karia ya mizigo na kifuniko cha cheni. Ningeichukua. Lakini sahani ile ilikuwa wazi, ina vitundu vizuri, inameremeta. Nilimwona Mama amechutama mbele yake. Angeanzia hapo hapo.

"Shida iko wapi sasa?" Dalmas akauliza.

"Inang'aa sana."

Amenitazama kama mtu aliyekata tamaa na wanawake wote wa Riruta.

Jumatano, Aprili 9

Jamleck ameipata. Imetoka Uholanzi kwenye kontena, nyeusi, nzito kama kitanda. Madigadi ya chuma, cheni imefunikwa yote ndani ya boksi, tairi pana. Breki zake zimefichwa ndani ya habu, kile kitovu cha gurudumu, zimefunikwa kabisa. Kwa macho huoni kitu.

Tulikwenda nayo uwanja wa nyuma ya soko ambako watu hawapiti. Alichovya vidole kwenye kopo la grisi, akapaka rimu zote mbili mbele yangu, nyingi, mpaka zikafunikwa. Akamwaga ndoo ya maji juu yake.

"Panda. Shuka huo mteremko. Finya."

Niliogopa. Nilimwambia naogopa.

"Hata mimi," akasema.

Nikashuka, nikafinya. Ikasimama. Nikarudia mpaka sketi ikachanika, na kila mara ikasimama. Jamleck aligeuka upande akafuta uso kwa mkono wenye grisi, akawa na mstari mweusi kutoka jicho hadi kidevu. Nitaichukua baada ya Pasaka, akishabadilisha tairi. Mama nitamwambia nimeitoa mjini.

Jumamosi, Aprili 12

Leo Mama hajapaka. Anasema mikono inamuuma.

Jumapili, Aprili 13

Amemimina vikombe viwili tu. Nikanywa changu upesi, nikiogopa kuharibu. Hata hivyo hakuimba kanisani, na Jumapili ya Matawi ndiyo aipendayo.

Jumanne, Aprili 15

Hajapaka. Hali chakula vizuri. Nadhani ni kwa sababu siku ya Nthiwa inakaribia.

Ijumaa Kuu, Aprili 18

Mvua kutwa. Mama amekaa dirishani akitazama baiskeli ya Debra ikinyeshewa, na hakuniambia niiingize.

Jumapili, Aprili 20

Pasaka. Chapati ziliungua. Mama hajawahi kuunguza chapati.

Jumanne, Aprili 22

Nimemrudishia Debra baiskeli yake na nimeleta ile nyeusi. Niliisimamisha uani. Mama alisema tu, "Umeleta," akaenda kulala kabla ya giza.

Jumatano, Aprili 23

Leo ndiyo Jumatano ile, ya kurudi kazini baada ya Pasaka, ijapokuwa tarehe si ileile.

Nilipotoka na jaketi langu la rifleksi, lile linalong'aa gizani, Mama alikuwa tayari uani, amejifunga leso, mikono mitupu. Mvua ilikuwa nyembamba. Aliizunguka baiskeli, akapitisha jicho gurudumu la mbele, akapitisha la nyuma.

"Mbona umechukua nzito hivi?"

"Ni ya mvua, Mwaitu. Hizi ndizo hudumu."

"Breki ziko wapi? Sioni raba."

"Ziko ndani. Ndani ya hii habu hapa katikati."

"Ndani kabisa?"

"Ndani."

"Mafuta hayafiki?"

Nilikuwa nimejizoeza uongo wa kila aina mwezi mzima, na pale sikupata hata mmoja. Nilishika hendeli.

"Hayafiki," nikasema.

Akatikisa kichwa kukubali. Akasema asante. Aliisema kwa unyenyekevu ambao mzazi hamwelekezei mtoto wake, na ulinichoma kuliko miiba ya kayaba.

"Kalekye aliniuliza kwa nini unasugua rimu kila asubuhi na mchanga," akasema. "Nikamwambia ni usafi. Halafu nikaenda mferejini nikauchukua ule mchanga, nikaunusa. Nikaangalia mkono wako. Kamene, ile Pasaka baiskeli yake ilikaa bure siku zote zile. Nilikuwa naipaka kila nikipita. Nilitaka akirudi kule Kitisuru watu waone ana kwao."

"Hukujua, Mwaitu."

"Sikujua." Akaligusa gurudumu la mbele. "Na yule fundi? Hakujua yeye?"

Hapo nilifikiria kumlinda tena, nikaona ndivyo tulivyofika hapa.

"Alijua. Aliona mafuta akayapangusa kabla watu hawajaona. Aliniambia nisikuambie."

Mama alikaa chini kwenye matope, leso na yote. Alilia kwa sauti, kitu ambacho hakukifanya hata kaburini, akiwa ameshika pedali ya baiskeli ile. Nilikaa naye. Nilimwambia nampenda, na kwamba Nthiwa alitoka nyumbani akiwa amependwa mpaka kwenye spoki. Sijui kama alisikia. Majirani walichungulia wakarudi ndani. Baadaye alijifuta, akanisukuma bega.

"Nenda. Wazee wanangoja uji."

Kwenye mteremko nilifinya breki na baiskeli ikatii. Nilisimama pale penyewe, mguu mmoja chini, nikasikiliza. Kulikuwa na mvua kwenye majani na gari mbali. Nilingoja zaidi ya ilivyonipasa, na kusema kweli nilitaka ile kengele isikike.

"Leo umekuja peke yako," Mzee Ephantus akasema.

"Ndiyo, Guka."

"Pole," akasema, na akafungua mdomo kwa kijiko.

Jumamosi, Aprili 26

Nimetoka zamu mchana. Jumamosi Riruta nzima inapita kwenye kona ya soko, na nilipofika hapo nikaona kitambaa cha Mama cha kanisani, kile cheupe. Amekaa kwenye benchi la Jamleck, nje kabisa, ukingoni mwa barabara, mkoba magotini. Jamleck anafunga cheni ya mtu, shingo imeinama kwa aibu kana kwamba yeye ndiye mwenye hatia.

Kalekye alikuwa ndiyo anaondoka pale. Alinipita bila kuuliza swali lolote.

Nikasikia mwanamke mwingine akimsalimu Mama, na Mama akamshika mkono asiende. "Ile maneno nilikuambia juu ya huyu fundi haikuwa kweli," akamwambia. "Breki zake zilikuwa nzuri. Ni mimi nilipaka rimu mafuta. Ni mimi." Mwanamke yule akamfinya Mama kiganja akaenda na kikapu chake. Mama akashusha pumzi, akatazama barabara tena.

"Tangu asubuhi," Jamleck akaninong'oneza. "Nimemwambia imetosha. Nimemwambia aende nyumbani. Hanisikii."

Matone mazito yakaanza kuanguka. Jamleck akatoa turubai analofunikia vipuri vyake, akalivuta juu ya benchi mpaka likamfikia Mama. Nikasimamisha baiskeli, nikaketi kando yake. Mkono wake ulikuwa baridi, umepauka.

"Twende nyumbani, Mwaitu. Mvua inakuja."

"Tangulia wewe," akasema, macho bado barabarani. "Hannah wa kanisani hajapita. Yeye ndiye niliyemwambia wa kwanza."